Presha ya Thelathini na Nane

Kambini, 11 Januari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila midomo imepasuka kwa upepo wa huku. Wewe je, nyonga inakusumbuaje? Mshonaji wa jirani bado anakuja kukuangalia, au mmekosana tena juu ya sauti ya redio?

Najua miezi saba ni mingi. Barua hii nimeianza mara tatu, na mara tatu nimeikunja nikaitia mfuko wa koti la kazi, ikafuliwa nalo. Simu ya kambi ni moja, iko mezani kwa mkuu wa mradi, na hairuhusiwi kwa mambo ya nyumbani. Zile zetu za mkononi huku ni saa tu za kutazama. Kwa hiyo tuandikiane. Lori la maji linakuja kila baada ya wiki mbili, linaleta barua na kuchukua.

Uliniuliza zamani, kabla hatujaacha kuongea, kazi yenyewe ni ya nini. Ni hivi. Chini yetu, mita mia na arobaini tu, kuna mchanga ulioloa mafuta. Si mafuta yale ya kuruka yenyewe ukishatoboa. Haya ni mazito kama lami iliyopoa. Ukiinua kipande cha mwamba kilichotoka kisimani hayadondoki, yanakutazama tu. Ndiyo maana yameachwa miaka yote. Sasa kampuni inataka kujua kama yakipashwa moto kwa mvuke yatalegea. Unasukuma mvuke chini kwa wiki mbili, unafunga kisima joto lipenye, halafu unafungua na kupiga pampu.

Mimi ndiye wa kusema inafaa au haifai. Napima unene wa mchanga na kiasi cha mafuta kilichomo. Halafu kuna tabaka la udongo mgumu lililolala juu ya mchanga huo. Sisi tunaliita kifuniko. Likistahimili presha ya mvuke, mradi upo. Likipasuka, mvuke na mafuta vitapanda, na pa kupanda si mbali: juu ya kifuniko kuna maji ya visima, na juu ya maji kuna watu na bustani zao za mboga.

Tuko arobaini. Wanawake ni mimi na mpishi, na mpishi haongei mpaka sufuria zote ziwe zimeoshwa, na zikishaoshwa analala. Naishi ndani ya kontena lenye kitanda, meza na dirisha la ukubwa wa sinia. Jumapili ndiyo siku mbaya. Mitambo inazimwa, nasikia mabati yakipanuka kwa jua.

Ofisini kuna masanduku ya karatasi za kampuni iliyochimba hapa kabla sijazaliwa. Wewe enzi hizo si ulikuwa karani wa mtambo wa kuchimba visima? Uliwahi kupita pande hizi?

Mpwa wako,
Kokoto


Nyumbani, 2 Februari

Mpwa wangu Kokoto,

Marahaba. Nilipoona mwandiko wako juu ya bahasha nilikaa chini kwanza.

Nyonga ipo, inanitangazia mvua kabla ya redio. Mshonaji hajambo. Hatujakosana, ila amesema nikipiga tena kwaya saa kumi na moja alfajiri atakuja kukata waya kwa mkasi wa kitambaa. Namwamini. Pampu za watu bado natengeneza, mbili tatu kwa wiki, nimekaa kwenye kiti kama daktari, wenyewe wananishikia bisibisi.

Unene wa dirisha lako hukusema, ukubwa tu. Kama kioo ni chembamba, ziba kingo kwa gazeti lililoloweshwa. Upepo wa huko unapenya na vumbi lake jekundu, utakohoa mpaka mwezi wa tano.

Umeuliza kama niliwahi kupita. Tulipita sehemu nyingi. Mtambo ulikuwa unahamahama, leo hapa kesho kule, na majina sikuyashika. Ni muda mrefu.

Nguo za mama yako bado ziko kama zilivyokuwa. Nifanyeje nazo? Mshonaji anasema baadhi zinaweza kurekebishwa zikuenee wewe. Niandikie neno moja tu, lolote.

Kula. Ulipoondoka ulikuwa umekonda.

Mjomba wako


Kambini, 26 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Gazeti la kuziba dirisha limefanya kazi. Kikohozi ninacho, kama ulivyosema.

Jinsi ulivyojua rangi ya vumbi la huku, nitakuachia wewe.

Wiki iliyopita nilifungua sanduku la nne. Ndani mna daftari la Kisima Namba Tisa, kurasa zimekauka mpaka zinakatika kama biskuti. Nikafungua, nikafunga, nikafungua tena. Mjomba, ile saba yenye mstari katikati. Ile M kubwa iliyosimama kama geti la miguu minne. Nilijifunza kuandika kwa kufuata herufi zako kwenye ubao wa nyuma ya kabati, nikiwa na miaka mitano, mama akinikemea nisile chaki. Hakuna mtu mwingine anayeandika hivyo isipokuwa wewe na mimi.

Ukurasa wa arobaini na moja unasema: "Kifuniko kimepimwa kwa maji. Presha 38. Kimestahimili. Hakuna uvujaji."

Nikueleze maana yake leo. Kupima kifuniko ni kusukuma maji mle ndani na kuongeza presha kidogo kidogo, ukitazama geji ni wapi udongo utakataa. Katika eneo lote hili kipimo hicho kiliwahi kufanyika mara moja tu, na ni hicho. Ukiwa na thelathini na nane unaweza kusukuma mvuke mkali, mafuta yanalegea, mradi unaishi miaka ishirini. Mkuu wa mradi, tunayemwita Bwana Ratiba kwa sababu hata kicheko chake kina saa yake, ameizungushia namba hiyo duara la kalamu nyekundu na kuibandika ukutani.

Mimi inanisumbua. Kwa kina kidogo namna hii ningetegemea ishirini na kitu. Vipande vya udongo nilivyotoa mwenyewe vina nyufa nyembamba kama nywele. Hebu nikumbushe siku hiyo ilikuwaje. Mlitumia pampu gani? Mlishikilia presha kwa muda gani?

Kokoto


Nyumbani, 20 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba sana. Pole na kikohozi. Maji ya moto na asali, na usilale na nywele mbichi.

Hapa mvua imeanza kwa fujo. Bati la jikoni limeachia upande wa mashariki, nikaweka ndoo, ndoo ikajaa, nikaweka sufuria. Mshonaji akaleta beseni lake akasema nyumba yangu sasa inapiga muziki bila redio. Fundi wa paa aliahidi Jumatatu, ikapita. Akaahidi Alhamisi, akaja bila ngazi. Nikamuuliza unapandaje, akaniambia alidhani ninayo. Basi tukakaa wote wawili tukilitazama bati. Mfereji nao umeziba kwa majani, maji yanarudi ukutani, rangi inabanduka pale alipokuwa anakaa mama yako jioni.

Karatasi za zamani ni za zamani. Watu wengi wa rika langu tulifundishwa na mwalimu mmoja mwenye kiboko kirefu, na miandiko yetu inafanana. Kama una wasiwasi na kipimo, pima mwenyewe. Wewe ndiye msomi.

Kuhusu nguo hukunijibu.

Mjomba


Kambini, 14 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Natumai bati limepigiliwa.

Nilimwomba Bwana Ratiba tupime upya. Akaniuliza, "Namba tunayo, unataka kupima nini?" Nikamwambia siiamini. Akasema, "Aliyeandika alikuwa mwongo?" Nikanyamaza, Mjomba. Nilinyamaza kwa sababu yako. Akasema pampu ya kazi hiyo itasafirishwa siku tisa, na ripoti inatakiwa tarehe ishirini na nane Mei, na kama sina sababu ya kueleweka basi nisiwapotezee watu muda.

Kwa hiyo nakuuliza bila kuzunguka. Mlipima, au hamkupima? Neno moja litatosha.

Na kwa kuwa nimeshaanza, nimalizie. Barua yako ya mwisho kabla ya msiba ninayo. Natembea nayo. Inasema: "Mama yako ana mafua ya kawaida, usihangaike, maliza kazi yako." Nikamaliza kazi yangu. Nikafika siku tatu baada ya mazishi, nikakuta viti vimesharudishwa kwa majirani na wewe unafagia uani. Sikukuuliza kitu siku ile. Nilidhani nikiuliza nitasema maneno ambayo hayarudishiki. Basi nikapanda basi nikaja huku kwenye upepo.

Wewe ni mtu wa kuandika unachoambiwa uandike? Nataka kujua, maana namba yako sasa iko mikononi mwangu.

Nisipopata jibu kabla ya tarehe hiyo, nitachukua kuwa kipimo ni cha kweli.

Mpwa wako


Kambini, 9 Juni

Mjomba,

Shikamoo.

Malori matatu yamekuja. Kulikuwa na barua za mpishi, barua za fundi mitambo, hata gazeti la mtu aliyeacha kazi mwaka jana. Yako haikuwepo. Wanasema mvua zimekata barabara huko nyuma na baadhi ya mifuko imekwama. Wanasema.

Nimesaini. Nimeandika kuwa kifuniko kinastahimili thelathini na nane, kwa mujibu wa kipimo cha Kisima Namba Tisa. Nimependekeza mvuke uanze kusukumwa Oktoba. Bwana Ratiba alinipa mkono mbele ya watu wote, bwaloni wakapiga meza kwa vijiko. Nikaenda kukaa kwenye kontena langu. Nilikuwa na hamu ya kumwambia mtu, nikahesabu ni nani, nikakosa.

Usinijibu kama huna la kusema.

K.


Nyumbani, 6 Mei

(Imefika kambini 21 Juni. Bahasha imelowa.)

Mpwa wangu Kokoto,

Sijambo. Bati limepigiliwa. Mshonaji anakusalimia, na ndiye anayenunua stempu kwa sababu mguu umegoma wiki hii.

Hatukupima.

Nimeandika neno hilo nikatoka nje, nikarudi, bado liko pale. Basi niendelee.

Ilikuwa Kisima Namba Tisa, ndiyo, na vumbi jekundu, ndiyo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na kalamu mbili mfukoni, nikijiona mtu. Pampu ya kupimia ilipasuka mpira wa ndani asubuhi ile kabla hata ya kuanza. Kipuri kilikuwa mbali. Mkuu wetu alikuwa na wageni wanaokuja kukagua kesho yake. Akanijia nikiwa nimekaa juu ya pipa na daftari mapajani.

"Karani, andika kipimo."

"Niandike nini, mkuu? Hatujapima."

"Andika kama cha Kisima cha Nne."

Kisima cha Nne kilikuwa mwendo wa nusu siku kutoka pale, kina chake mara tatu, mwamba mwingine kabisa. Nilijua. Hata mtu wa kubeba mabomba alijua. Nikaandika thelathini na nane. Haikuchukua hata dakika moja, na mkono haukutetemeka. Kisha nikaongeza "hakuna uvujaji" bila kuambiwa, kwa sababu ilikuwa inapendeza kwenye ukurasa.

Wageni wakaja, wakasoma, wakakubali kwa vichwa. Miezi miwili baadaye kampuni ikafungasha ikaondoka, mvuke haukusukumwa, mtu hakudhurika. Nikajiambia namba iliyolala sandukuni haiumi mtu. Lakini sikuweza tena kushika daftari la mtambo. Mama yako aliniuliza kwa nini nimeacha kazi nzuri, nikamwambia vumbi. Nikaanza kutengeneza pampu, maana pampu ama inavuta maji ama haivuti, huwezi kuiandikia.

Wewe ulipoanza kuokota mawe barabarani na kunipangia mstari mlangoni, ukiuliza hili limetoka wapi na hili limetoka wapi, nilikuwa nakujibu yote. Hilo moja sikukuambia. Ulikuwa unanitazama kama mtu anayejua. Nilitaka uendelee kunitazama hivyo. Ndiyo maana nilikuandikia habari za bati.

Usiitumie namba ile.

Juu ya lile lingine ulilouliza, la mama yako, sijaweza.

Mjomba wako


Kambini, 22 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imefika siku ishirini na nne baada ya mimi kusaini.

Niliisoma nimesimama kando ya lori. Kisha nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Ratiba nikamwambia naomba kuiondoa saini yangu. Aliisoma barua yako yote, mpaka ya mshonaji na stempu. Nilitamani kumpokonya.

Akasema, "Hii ni barua ya mjomba wako."

"Ndiye aliyeandika daftari."

"Na leo anaandika kuwa aliandika uongo. Sasa nimwamini lini, siku ile au leo?"

Si mtu mbaya, Mjomba. Ana mabosi wake, na mabosi wake wameshatangaza. Amesema bila maelezo rasmi, yenye saini na shahidi, hawezi kuagiza pampu. Nakuomba uandike upya, uende kwa mwanasheria yeyote, uweke saini. Fanya haraka, barabara ikiwa bado inapitika.

Sina hasira nawe juu ya hili. Ningependa kuwa nayo. Juzi nami niliandika namba nisiyoiamini, na mkono wangu haukutetemeka pia.

Kokoto


Nyumbani, 11 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Nyonga hivyo hivyo.

Siandiki. Nimeshaandika vya kutosha maishani na ona vilikofika. Nakuja nikaseme kwa mdomo. Mshonaji amenishonea mto wa kukalia. Barua hii nimempa dereva wa basi la mbele ili initangulie. Kama imechelewa, basi mimi ndiye yule mzee anayeteremshwa kutoka kwenye lori la maji.

Mjomba


Kambini, 19 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Natumai ulifika salama na mto wako.

Ulikaa siku nne na tuliongea kidogo kuliko tunavyoandikiana. Wewe ulisifia sana chai ya kambi, ambayo ni mbaya. Mimi nilikuonyesha mitambo, kana kwamba hujawahi kuona mtambo. Kwa hiyo nikuandikie.

Hukujiona ulivyokuwa mbele ya wale wahandisi. Walikupa kiti, ukakataa. Ulisimama umeshika ukingo wa meza, ukasema, "Mimi ndiye karani. Namba hii niliiandika mimi na ni ya uongo. Nilikuwa na akili timamu na sikulazimishwa kwa fimbo." Kuna mmoja kijana alicheka. Ukamgeukia ukamwambia, "Cheka, mwanangu, ila na wewe una daftari." Hakucheka tena. Halafu ulitembea na fimbo yako mpaka kwenye kichaka ukawaonyesha mdomo wa Kisima Namba Tisa, ambao sisi tuliutafuta kwa vyombo miezi sita tukaukosa kwa hatua hamsini. Bwana Ratiba alishika simu mbele yako na kuagiza pampu. Hilo uliliona.

Hukuona yaliyofuata. Pampu ilifika tarehe tisa. Kisima kipya kando ya kile chako tulikuwa tumeshakitoboa, tukaanza kusukuma maji baridi. Nane, ikashika. Kumi na mbili, ikashika. Kwenye kumi na sita sindano ya geji ilisimama, ikatikisika, ikaanguka yenyewe kama mtu aliyelala usingizi kitini. Tukazima. Robo saa baadaye mwenye bustani ya mabiringanya akaja mbio, miguu imejaa tope jeusi, akauliza ni nani amefungua bomba chini ya matuta yake. Maji yetu yalikuwa yametokea pale, yananuka mafuta. Yalikuwa baridi, na tulikuwa tumesimamisha. Bwana Ratiba alichutama akalichovya tope lile kwa kidole. Akasema, "Ungekuwa mvuke." Mwenye mabiringanya ana watoto watatu wanaocheza pale.

Tumepeleka matangi ya maji safi, na kisima chake tunakipima kila siku mpaka kitakate. Ripoti nimeandika upya: mafuta yapo, mengi, na hayafai kuguswa kwa mvuke. Wiki hii kampuni imejibu kwa simu. Mradi umefungwa. Watu arobaini wanarudi makwao, na wote wanajua ni kwa kalamu ya nani.

Hakuna aliyenitukana. Nikiingia bwaloni mazungumzo yanapungua, na meza ninayokaa inabaki yangu peke yangu. Fundi mitambo, ambaye mkewe anajifungua mwezi ujao, aliniambia, "Umefanya sawa, dada." Kisha akachukua sahani yake akaenda kukaa kule. Mpishi ananiletea chakula mlangoni ili nisitembee. Juzi aliketi kwenye ngazi ya kontena mpaka nikamaliza kula.

Mjomba, siku nne nilingoja uniambie lile lingine. Siku ya mwisho, lori likiwa linanguruma, ulifungua mdomo nikadhani ndilo. Ukasema, "Vaa soksi." Uliweza kusema ukweli mbele ya wageni tisa. Mimi sistahili hata ukweli mmoja wa kwangu peke yangu?

Kokoto


Nyumbani, 10 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Nilifika salama. Mshonaji aliniwekea taa ya uani. Nimekuwa mgonjwa kidogo wa safari, sasa nimepona, usihangaike, na safari hii neno hilo ni la kweli, muulize yeye.

Nitaandika mara moja bila kurudia.

Wiki ya kwanza mama yako alinikataza nisikwambie. Ulikuwa kazini, akasema, "Atakuja mbio na kazi ataipoteza. Mwambie mafua." Nikaandika mafua. Hilo nililiandika nikiwa nimeambiwa, na wewe baadaye ulilijua, au ulilihisi.

Wiki ya pili alibadilika. Alisema, "Mwite." Hapo ndipo palipo na kosa langu, na hakuna mkuu wa kumsingizia. Nilikuwa nimeshakuandikia mafua. Nikaona nikikuita sasa utajua nilikudanganya. Nikajiambia ngoja apate nafuu kidogo, kisha nitakwambia yote kwa pamoja. Daktari alisema inawezekana akapata nafuu. Nikashika neno hilo "inawezekana" kama mtu aliyeshika kamba.

Jumatano akaniuliza, "Umemwita?" Nikasema, "Nimemwita."

Alhamisi akauliza, "Amefika wapi?" Nikasema, "Yuko njiani."

Akaniomba nimgeuze kitanda atazame mlango. Nikakigeuza. Ijumaa hakuongea sana. Jumamosi saa nne asubuhi alifariki akidhani uko njiani.

Hakukulaumu. Alisema tu barabara siku hizi ni mbaya.

Uliniona nafagia uani siku ile. Nilikuwa nafagia tangu alfajiri, palikuwa pameshatakata.

Siombi unisamehe kwa barua. Nilitaka tu jambo hili liwe limeandikwa mahali jinsi lilivyokuwa.

Mjomba wako


Kambini, 2 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo.

Barua yako ilifika na lori lililopita. Sikuijibu kwa lori lile, na leo pia sina mengi ya kuandika.

Tumebaki watu sita. Kontena la ofisi liliondoka jana, la kwangu litaondoka Jumanne. Kisima chetu kimejazwa saruji mpaka juu, na chako pia, nilisimama pale mpaka ikakauka. Maji ya yule bwana yametakata. Amenipa mabiringanya, mengi kuliko watu sita wanavyoweza kula.

Nimepata kazi nyingine, ya kutafuta maji, mbali zaidi ya huku. Nitakuwa peke yangu na dereva. Naanza Novemba. Katikati hapo nina wiki chache.

Nilifikiri nisije. Nakwambia kweli, nilishakata tiketi ya upande mwingine. Nikakaa nayo siku tatu. Halafu nikafikiri kwamba duniani kote amebaki mtu mmoja tu aliyekuwa chumbani na mama, naye anazeeka.

Nitashuka kwa basi la Jumamosi, tarehe kumi na nane, mchana. Usije stendi na mguu huo. Huenda nikafika nikiwa na hasira, na huenda nikalala siku nzima bila kukusemesha, usinigongee. Nikiamka nataka tukae, unieleze tangu ile Jumatano mpaka Jumamosi saa nne, saa moja baada ya nyingine. Alikula nini. Alilalia ubavu gani. Nieleze mpaka zile saa ambazo hakusema kitu.

Mpwa wako